Fainali ya Nyamagana: Wageni Waliondoka na Kombe, Wenyeji Tulibaki na Nini?

Yako mambo ambayo taifa huyakumbuka kwa kuwa yameandikwa katika vitabu vya shule, na yako mengine ambayo hukumbukwa kwa kuwa watu wamekataa tu kuyasahau. Leo nataka tuzungumzie jambo la aina hiyo ya pili, jambo lililotokea hapa hapa kando ya Ziwa Victoria, na ambalo kwa maoni yangu bado linatudai sisi wenyeji jibu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1974, katika Uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Simba na Yanga zilikutana kuamua nani awe bingwa wa soka wa Tanzania. Kwa kawaida miamba hii miwili ya Kariakoo hukutana Dar es Salaam, ambako zote mbili zilizaliwa na ambako makao yao yametenganishwa na mitaa michache tu. Safari hii zilipanda kuja Kanda ya Ziwa, umbali wa kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Msimbazi na Jangwani, zikacheza fainali yao mbele ya macho yetu. Hapakuwa na mechi ya marudiano. Atakayeshinda Nyamagana ndiye bingwa, na atakayeshindwa angoje mwaka mwingine.

Vijana wa leo wamezoea ligi ya mzunguko, ambamo bingwa hupatikana kwa kuhesabu pointi mechi baada ya mechi. Katika utaratibu huo timu yaweza kufungwa Jumapili na ikajisahihisha Jumatano. Fainali haina huruma ya namna hiyo. Kazi ya mwaka mzima huwekwa kwenye mizani kwa muda wa dakika tisini, na mguu mmoja ukiteleza, hesabu imefungwa.

Tukumbushane kidogo timu zenyewe zilikuwaje. Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na wenzao wakafuata mwaka 1936. Simba hawakuitwa Simba tangu mwanzo. Kwa miaka mingi walijulikana kama Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, hadi mwaka 1971 walipolivua na kuvaa jina la mnyama wa kwetu. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ndio waliotwaa ubingwa, wakaurudia mwaka 1966. Mwaka 1967 kombe likaenda kwa Cosmopolitans, nao pia wa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 Yanga wakalishikilia miaka mitano mfululizo, mpaka Simba walipolinyakua mwaka 1973. Kwa hiyo fainali ya Nyamagana ilikuwa baina ya bingwa aliyekaa kwenye kiti na yule aliyeamini kwamba kiti hicho ni chake na kimeazimwa tu.

Wala Simba ile haikuwa timu ya kubeza. Mwaka huo huo wa 1974 walikuwa katika mashindano ya Klabu Bingwa ya Afrika, ambako waliwang'oa Hearts of Oak ya Ghana na kufika nusu fainali. Huko walitolewa na Mehalla El Kubra ya Misri, tena kwa mikwaju ya penalti. Ilikuwa na Abdallah Kibadeni, mfungaji ambaye jina lake lilikuja kuwa sehemu ya historia ya mpira wetu, na mlinda mlango Athumani Mambosasa. Upande wa pili Yanga walikuwa na Maulid Dilunga, ndugu wawili Kitwana na Sunday Manara, na Gibson Sembuli, mtu aliyeogopwa na makipa wote wa nchi hii kwa ukali wa mashuti yake.

Mpira ulianza, na dakika ya 16 Adam Sabu akaifungia Simba. Ndugu msikilizaji, piga hesabu mwenyewe. Bao limeingia dakika ya 16, na baada ya hapo Simba wakalilinda. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza, nusu saa ikapita, saa nzima ikapita. Washabiki wa Simba walikwisha kuona kombe likirudi Msimbazi. Zikabaki dakika tatu. Dakika ya 87 Sembuli akasawazisha. Dakika tisini zikaisha moja kwa moja, mwamuzi akaongeza muda, na dakika ya 97 Sunday Manara akapachika bao la pili. Yanga 2, Simba 1. Kombe likapanda treni, au likapanda ndege, mimi sijali lilipanda nini. Ninalojua ni kwamba liliondoka Mwanza na kurudi Kariakoo.

Televisheni Tanzania Bara haikuwapo. Ilikuja miaka ishirini baadaye, mwaka 1994. Kwa hiyo ukiacha wale waliobahatika kuingia Nyamagana, nchi nzima iliishi fainali ile kwa masikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Huku Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, aliyetaka kuuona mpira kwa macho alikuwa na maji mbele yake ya kuvuka. Aliyebaki alitafuta nyumba yenye redio. Agosti ni wakati wa kuuza pamba, na penye soko la pamba hapakosi redio, na penye redio na mpira watu hawatawanyiki. Nimewasikia wazee wetu wakibishana juu ya bao la Sembuli kana kwamba walikuwa wamesimama nyuma ya goli, na ukiwadadisi unagundua kwamba walikuwa Nyehunge, au Katunguru, au Buchosa, wamelizunguka sanduku lenye betri. Redio iliwapa macho.

Hilo ndilo jambo kubwa lililotokea tarehe ile, na ni kubwa kuliko matokeo yenyewe. Simba na Yanga zilikuwa klabu za Dar es Salaam, zilizozaliwa katika mitaa na baraza za pwani. Mpira ule ukawafanya watu wa Usukumani na Uzinza, ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari, wawe watu wa Msimbazi au watu wa Jangwani. Mtu aliyefika mara moja ukweni na akapokewa kwa shangwe, hata akiondoka nyumba hubaki inamtaja. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Sasa naomba ndugu zangu mnifuate mbali kidogo, hadi Marekani, kwa sababu huko wako watu waliokabiliwa na jambo linalofanana na hili nao wakalishughulikia kwa namna tofauti. Wamarekani wana mpira wao, ule wa kushika mikononi na kukimbia nao, na unachezwa sana na vyuo vikuu. Ligi zao zikiisha, timu zilizofanya vizuri hualikwa kucheza pambano moja la ziada katika mji ambao mara nyingi si wa timu yoyote kati ya hizo mbili. Pambano kongwe kuliko yote ni lile la Pasadena, mji mdogo ulio karibu na Los Angeles, katika jimbo la California.

Watu wa Pasadena walikuwa na sikukuu yao ya maua kila Mwaka Mpya, tangu mwaka 1890. Ilipofika tarehe 1 Januari 1902 wakaona wavute wageni zaidi, wakaalika chuo cha Michigan kutoka mbali na chuo cha Stanford cha hapo hapo California. Matokeo yalikuwa aibu tupu. Michigan waliongoza kwa pointi 49 kwa 0, na zikiwa zimebaki dakika nane Stanford wakaomba basi, yatosha. Wenyeji walivunjika moyo kiasi kwamba miaka iliyofuata waliuacha mpira kabisa, na kwa muda wakawa wanafanya mbio za magari ya farasi kama Warumi wa kale. Mpira ulirudi mwaka 1916, nao tangu hapo haukutoka tena. Mwaka 1922 walijenga uwanja mkubwa, na pambano likachukua jina la uwanja huo, Rose Bowl.

Angalieni sasa. Timu zinazocheza pale hubadilika kila mwaka. Leo Michigan, kesho wengine. Lakini pambano ni la Pasadena. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, serikali iliogopa mikusanyiko mikubwa katika pwani ile, na mchezo ukahamishiwa Durham, upande wa pili wa nchi, ambako Oregon State waliwafunga Duke pointi 20 kwa 16. Mwaka uliofuata ulirudi nyumbani. Mwaka 2021 ulihamia Texas kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na ukarudi tena. Mji ule mdogo ulishika mpini wa jambo ambalo wachezaji wake wote ni wageni. Wageni huja, hucheza, huondoka, na mwenyeji hubaki na chake.

Basi turudi Nyamagana tuulizane: sisi tulibaki na nini?

Tulibaki na mapenzi, hilo sikatai. Tukabaki na kumbukumbu. Miaka michache baadaye Mwanza ikapata uwanja mkubwa zaidi, CCM Kirumba, na juu ya majukwaa yake tulishuhudia mambo. Pamba ya Mwanza, TP Lindanda, timu iliyobeba jina la zao lililosomesha watoto wa kanda hii, mwaka 1990 ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Kwa mara ya kwanza kombe halikuja Mwanza kutembea, lilikuja kukaa. Lakini halikukaa sana. Wachezaji wazuri wa Pamba walifuata njia ile ile iliyofuatwa na kombe la mwaka 1974, njia ya kwenda Kariakoo. George Masatu, aliyetoka Pamba, alikuwa katika kikosi cha Simba kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan. Simlaumu hata kidogo. Mchezaji hufuata penye uwanja mkubwa na mkate mkubwa. Lakini miaka ikapita, zao la pamba likayumba, timu ya Pamba nayo ikashuka daraja, ikapotea machoni pa watu kwa miaka mingi.

Historia haikuchoka kutuuliza swali lile. Mwaka 2017 timu changa ya Mwanza, Mbao FC, ambayo ilikuwa imepanda Ligi Kuu mwaka mmoja tu kabla, iliifunga Yanga bao 1 kwa 0 pale Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Ikaenda Dodoma kucheza fainali na Simba, tarehe 27 Mei. Ndugu wasikilizaji, dakika tisini zikaisha bila bao. Muda ukaongezwa. Simba wakafunga, Mbao wakasawazisha, na mwishoni kabisa Simba wakapata penalti, Shiza Kichuya akafunga. Matokeo yakawa 2 kwa 1 baada ya dakika za nyongeza, yale yale ya Nyamagana, miaka 43 baadaye. Tofauti ni kwamba safari hii mmoja wa wale wawili uwanjani alikuwa mtoto wetu.

Je, siku ile Mwanza nzima ilikuwa Mbao? Nawaachia wenyewe mjibu, maana mnajua mlikuwa mmevaa jezi ya rangi gani. Mimi nakumbuka vizuri kwamba katika vijiwe vya huku Sengerema wako waliofurahi penalti ile ilipoingia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2020, Mbao ikashuka daraja.

Jirani zetu wa Geita nao walipandisha Geita Gold mwaka 2021. Katika msimu wao wa kwanza George Mpole alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu nzima, akiwapita washambuliaji wa Kariakoo waliosajiliwa kwa fedha nyingi. Mwaka 2024 Geita Gold ikashuka. Mwaka huo huo Pamba, sasa ikiitwa Pamba Jiji, ikapanda tena. Timu za ziwa zinakwenda kama mawimbi ya ziwa lenyewe, moja ikipanda nyingine inashuka, na ubingwa unabaki pwani. Tangu mwaka 2001 hadi 2025 ni klabu moja tu isiyo Simba wala Yanga iliyotwaa ubingwa wa Bara, nayo ni Azam, mwaka 2014, na hiyo pia ni ya Dar es Salaam.

Najua yuko atakayesema kwamba mapenzi hayalazimishwi, na kwamba Simba na Yanga zimetusaidia kuwa taifa moja. Mzinza wa Sengerema na Mzaramo wa Kisarawe hawana lugha ya mama moja wala chakula kimoja, lakini wakikutana safarini wakajikuta wote ni Yanga, tayari ni ndugu. Hoja hiyo ni ya kweli nami naiheshimu. Nchi yetu ina makabila zaidi ya mia moja na ishirini, na hakuna aliyepata kuyagawa kati ya rangi nyekundu na rangi ya kijani na njano, kila kabila upande wake. Utani huu umetugawa ndani ya nyumba zetu, mume huku na mke kule, na kwa kutugawa hivyo ukatuunganisha nje. Fainali ya Nyamagana ilikuwa mojawapo ya nyuzi zilizoshona vazi hilo.

Lakini kumpenda mgeni hakumlazimishi mtu kumnyima mtoto wake chakula. Watu wa Pasadena wanawashangilia wageni kila mwaka, na uwanja, jina na mapato yanabaki mjini. Sisi tumeshangilia, kisha tukafungasha mapenzi yetu yote na kuyapeleka Dar es Salaam, pamoja na vijana wetu wanaojua kupiga mpira. Timu zetu zikicheza na timu ya Mbeya au ya Tanga, majukwaa yanabaki na nafasi tele. Zikija Simba au Yanga, uwanja unafurika, na wengi wa waliofurika wamekuja kumshangilia mgeni dhidi ya mwenyeji. Mwenye nyumba anapiga makofi akiona nyumba yake inaingiwa. Timu itakuaje katika hali hiyo? Kiingilio cha mechi mbili kwa mwaka hakilishi wachezaji miezi kumi na miwili.

Liko jambo la pili linalonisumbua, nalo halingoji. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini pale Nyamagana mwaka 1974 leo amevuka sabini. Mabao yote matatu tunayajua kwa dakika zake, kwa kuwa wenye kupenda takwimu waliyaandika. Lakini mji ulikuwaje siku ile, watu walilala wapi, walivukaje ghuba, redio ya kijiji ilikuwa ya nani, nani alilia na nani alichinja mbuzi, hayo hayamo katika takwimu. Yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanapungua kila mwaka. Naomba walimu wa historia wa shule zetu za sekondari, kuanzia Sengerema hadi Magu na Misungwi, wawatume wanafunzi na daftari kwa babu na bibi zao. Hiyo nayo ni historia, tena ni historia ambayo mwanafunzi anaweza kuikusanya mwenyewe bila kungoja kitabu kutoka wizarani.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na maji yale yaliyowazuia wazee wetu kwenda Nyamagana sasa yanavukwa kwa dakika chache ukiwa umekaa kwenye basi. Kisingizio cha kivuko kimekwisha. Mtu wa Sengerema anaweza kwenda Kirumba, akaangalia mpira, akarudi kulala kwake.

Basi ushauri wangu ni mdogo. Usiache kuwa Simba, wala usiache kuwa Yanga. Urithi ule wa mwaka 1974 ni wako na hakuna wa kukupokonya. Ila safari moja chagua siku ambayo Kariakoo haichezi, siku ambayo timu ya ziwa inacheza na timu usiyoijua sana. Vuka daraja, lipa kiingilio, kaa jukwaani, mshangilie mtoto wa nyumbani. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wageni wetu tumewakirimu kwa zaidi ya nusu karne, na shamba letu bado halijalimwa.